Thaimoli kwenye maji ya sukari ya nyuki: mmeuliza, tunajibu

Toleo lililopita tuliandika mstari mmoja tu, kwamba mfugaji anayepika maji ya sukari mengi kwa ajili ya nyuki anaweza kutia thaimoli kidogo yasichachuke. Kumbe tumechokoza. Meseji zimekuja kutoka Newala, Ruangwa, Masasi, Tandahimba mpaka Kilwa, na nyingine zinaonyesha watu washaanza kujaribu kabla hata ya kuuliza kipimo. Zinazofanana tumeziunganisha, majina tumeyaacha.

*Shikamoo mama. Mimi niko Newala, nafuga kwenye mizinga ya masanduku. Kifuku mvua ikikaza nyuki hawatoki na chakula ndani kinaisha, kwahiyo huwa napika maji ya sukari ndoo nzima nawagawia kidogokidogo. Shida siku ya tatu yanaanza povu na harufu kama uraka. Hiyo thaimoli inatiwaje na kiasi gani?*

Marahaba mwanangu. Hiyo harufu ya uraka hujaikosea, ni kitu kilekile, chachu imeingia kwenye sukari na inatengeneza pombe, na kwa joto la huku kwetu shira nyepesi, yaani maji ya sukari, haichukui muda. Nyuki wakinywa iliyochachuka matumbo yanawaharibika, utaona madoa ya kinyesi cha kahawia mbele ya mzinga na ndani kwenye viunzi.

Ila kabla ya kipimo nikuulize kwanza, ndoo nzima ya nini? Kama una mizinga michache pika ya kuliwa usiku mmoja, nusu lita au lita moja kwa kila mzinga, jioni unaweka, asubuhi imeisha, keshokutwa unapika nyingine. Hapo thaimoli huihitaji kabisa na hela yako inabaki mfukoni. Thaimoli ina maana kwa mtu mwenye mizinga mingi, au manzuki, pale mizinga ilipo, iko mbali na nyumbani na lazima abebe madumu ya kukaa wiki. Kama ndo wewe, endelea kusoma.

Thaimoli ni chenga nyeupe zenye harufu kali, asili yake ni mafuta ya mmea wa thaimu na pia zimo kwenye mbegu za ajwani zile za maduka ya viungo, ingawa nyingi siku hizi zinatengenezwa kiwandani. Kazi yake kwenye shira ni moja tu, kuzuia chachu na ukungu. Sasa ubishi wake ni kwamba maji haziyapendi, lita nzima ya maji ya kawaida inayeyusha kama gramu moja tu na hiyo moja yenyewe kwa kubembelezwa, ndo maana lazima uzitangulize kwenye spiriti. Kipimo ambacho wafugaji wa Uingereza wamekizoea miaka mingi ni gramu 30 za thaimoli kwenye mililita 150 za spiriti, na wewe huna haja ya kutengeneza yote hiyo, gramu 6 kwa mililita 30 ni uwiano uleule na itakutosha msimu. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, maana plastiki laini inaliwa. Tikisa, iache, tikisa tena mpaka usione chenga hata moja chini. Hiyo ndo dawa mama, haiendi kwa nyuki hivyo ilivyo hata tone.

Mizani ya dukani ya kupimia unga haitakusaidia hapa. Tafuta ile midogo ya sonara, na walioko upande wa Ruangwa wanunuzi wa dhahabu wanazo, mtu atakupimia kwa dakika moja. Kupima maji yake nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, sindano yenyewe hutaihitaji.

Shira sasa. Chukua kilo 9 za sukari nyeupe na lita 9 za maji, itakupa karibu lita 15. Chemsha maji peke yake, epua, ndo umimine sukari ukoroge mpaka maji yawe angavu. Sukari isichemke jikoni, na usikamulie ndimu eti isigande, maana sukari ikikutana na moto na uchachu inazaa kitu chenye sumu kwa nyuki. Subiri ipoe mpaka iwe vuguvugu, mkono unaweza kushika ndoo bila kuruka, halafu chota mililita 5 za ile dawa mama, ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, umimine taratibu kama uzi huku mkono mwingine unakoroga bila kusimama. Koroga sana kuliko unavyodhani inatosha. Hiyo mililita 5 ni ya lita zote 15, usije ukatia kijiko kwa kila dumu dogo. Ukiiweka kivulini kwenye dumu safi lililofungwa itavuka wiki kadhaa bila povu. Ukitaka ikae zaidi fanya shira nzito, sukari mara mbili ya maji kwa uzito, hiyo hata bila dawa haiharibiki upesi, na ni nzuri kwa kundi linalohitaji akiba kuliko linalohitaji kuchangamshwa kutaga.

Na kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, spiriti inashika moto haraka. Vaa glavu na miwani hata ya jua, thaimoli ikigusa jicho utajuta. Watoto wasiione hiyo chupa, andika juu yake DAWA YA NYUKI kwa kalamu isiyofutika.

*Mama mimi sikusubiri maelezo, nilipata chenga nikazimwaga moja kwa moja kwenye dumu la shira iliyopoa nikatikisa weee. Zikaelea juu. Nikasema zitayeyuka zenyewe, nikawawekea nyuki. Asubuhi nakuta kwenye kilishio wamekufa wengi na wengine hawajagusa kabisa. Niko Ruangwa. Nifanyeje na lile dumu, nilichuje?*

Usilichuje. Shida ni kwamba hujui tena kilichobaki mule kina nguvu gani. Chenga zilizokaa juu zinafanya sehemu moja ya shira iwe kali mno na nyingine iwe haina kitu, wale waliotangulia kunywa juu ndo wamepata yote, na waliobaki wamesikia harufu wakagoma, wana akili kuliko sisi. Chimba shimo mbali na mizinga, mwaga, fukia vizuri na udongo, maana ukimwaga tu chini ya mwembe nyuki wa kijiji kizima watakuja kunywa.

Halafu angalia hao waliokufa. Kama wamekufa wakiwa wanaelea na mabawa yameloa, wengine huenda walizama tu maskini na thaimoli inasingiziwa. Kilishio lazima kiwe na cha kukanyaga, vijiti, mabua ya mtama, majani makavu ya mnazi yaliyokatwakatwa, chochote kinachoelea na ni kisafi. Kilishio hicho kioshe kwa maji ya moto na uanike juani mpaka harufu iishe kabla hujakirudisha.

*Nipo Masasi. Nimezunguka maduka ya dawa, mmoja akaniuzia vipande vyeupe kwenye karatasi akasema ndo hizo hizo. Nikinusa inanikumbusha dawa ya kuchua ya mafua. Nitajuaje kama ni yenyewe? Na la pili, spiriti ikikosekana konyagi inafaa? Au gongo la mabibo maana hilo huku halikosekani, samahani kwa swali.*

Hakuna cha samahani, swali zuri tena umeuliza kwa niaba ya wengi wanaoona haya.

Hicho ulichouziwa kwa maelezo yako kinanukia kama mentholi au kafuri, zote nyeupe, zote kali puani, na muuzaji asiyejua anaona ni kitu kimoja. Jaribu hivi. Weka punje chache kwenye kijiko cha chuma, kielekeze juu ya maji yaliyotoka kuchemka, kijiko kiguse maji bila maji kuingia. Kafuri haitayeyuka hapo, yenyewe inataka joto zaidi ya nyuzi 170, itakaa vilevile ikitoa harufu tu. Thaimoli inayeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, itakuwa kama mafuta safi kijikoni. Mentholi nayo inayeyuka, tena mapema kidogo, kwahiyo hapo pua ndo mwamuzi. Mentholi inaleta ubaridi wa pipi za mnanaa mpaka macho yanalia, thaimoli haina ule ubaridi, inanuka kama dawa ya kusukutua mdomo ya hospitali au kama umesaga ajwani kiganjani. Ukibaki na wasiwasi usitumie. Wanaouza kemikali za maabara Dar wanaileta ikiwa na jina kwenye kopo, na watu watatu wanne mkichangishana nauli na bei mnagawana kopo moja, gramu 100 mtakaa nazo miaka.

Konyagi hapana. Ina kilevi asilimia 35, sehemu kubwa iliyobaki ni maji, na nishasema thaimoli na maji hawaelewani, utabaki na chenga chini ya chupa. Ni bora uinywe kama unakunywa. Gongo ndo kabisa, hujui ndani kuna nini, likitengenezwa vibaya linaua watu sembuse mdudu. Ile spiriti ya rangi ya kuwashia majiko nayo iache hukohuko, ina sumu imetiwa makusudi. Omba duka la dawa spiriti nyeupe isiyo na rangi, ukipata isopropili ndo nzuri zaidi.

*Habari za kazi mdogo wangu. Mimi mzee wa Nachingwea. Naskia hii thaimoli inatibu nyuki, inaua wale kupe wekundu na kuharisha. Nikiwapa kila wiki kama kinga kuna ubaya?*

Shikamoo kaka. Ubaya upo, utakuwa unawalisha dawa watu wasioumwa.

Wale kupe, varoa, thaimoli inawaua kwa mvuke na siyo kwa kunywewa. Kuna dawa za viwandani kama Apiguard, ni kama jeli inayowekwa juu ya viunzi ikafuka polepole. Kwenye joto letu inafuka kwa pupa, na nyuki wetu wa Afrika unawajua, wakichukizwa hawabishani, wanahama. Halafu wenyewe wanaishi na varoa bila dawa, wanajisafisha na kutoa majana (watoto wao) yaliyoharibika, kwahiyo sioni sababu ya kujiingizia gharama. Huko Ulaya watafiti wamejaribu thaimoli kwenye shira dhidi ya nosema, ule ugonjwa wa tumbo, lakini nosema inajulikana kwa darubini, haijulikani kwa kutazama madoa tu. Ukiona madoa mengi anza na chakula, je shira ilichachuka, je uliwapa sukari guru? Kisha mwite afisa nyuki wa wilaya aangalie. Ndo kazi yake, msimwonee huruma.

*Mimi ni wa Tandahimba, mizinga yangu iko kando ya mikorosho. Kila mwaka wakianza kupulizia nyuki wanakufa chungu nzima mlangoni na waliobaki wanahama. Je nikiwapa shira yenye thaimoli kipindi hicho watapata nguvu wasife?*

Hapana, na hili nataka nilikalie kidogo maana limeulizwa na wengi.

Thaimoli haiondoi sumu mwilini mwa nyuki. Tuanze na kinachowaua. Mikorosho inatoa maua kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, na ndo kipindi hichohicho mnapuliza, salfa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe, na viuadudu vya mbu wa mikorosho. Salfa ya unga inawakera nyuki na inachafua maua, ila siyo muuaji mkubwa. Muuaji ni kile kiuadudu, hasa kikipulizwa saa nne asubuhi ua limefunguka na nyuki yuko juu yake. Nyuki aliyepigwa dawa anarudi anatetemeka, anazunguka chini mbele ya mzinga ulimi umetoka, walinzi wanamkatalia kuingia. Ukiona hivyo asubuhi moja wengi kwa pamoja, jibu unalo.

Sasa cha kufanya. Jirani anayepuliza ni mtu wa kuongea naye kabla ya msimu, na una hoja ya kumwambia, ua la korosho linahitaji wadudu wa kulichavusha, nyuki wako wanamwongezea punje kwenye mkorosho wake. Mwombe kiuadudu apulize jioni jua linapotua nyuki wamesharudi, na akutumie meseji siku moja kabla. Kama lazima apulize mchana, usiku wa kuamkia siku hiyo ziba mlango wa mzinga kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, hewa ipite, funika mzinga na matawi au magunia yaliyolowa usipate joto, na ndani wawekee maji. Hapa ndo shira inaweza kusaidia, siyo kwa sababu ya thaimoli bali kwa sababu nyuki waliofungiwa wanahitaji kunywa na kula, na kikombe kimoja cha shira ya siku hiyohiyo kinatosha. Usiwafungie zaidi ya siku moja kwenye joto la Agosti. Kama upulizaji ni wa siku nyingi mfululizo basi hamisha mizinga kabla maua hayajaanza, peleka kwenye miyombo, mbali na mashamba, kilomita tatu na zaidi. Wataalamu wa TARI Naliendele pale Mtwara ndo wanaoshughulika na utafiti wa korosho, nendeni kikundi kizima mkawaulize dawa ipi ina madhara madogo kwa nyuki, mtu mmojammoja anachoka kusikilizwa.

*Nimeuza asali Lindi mjini, mteja amenirudishia anasema inanuka hospitali. Kweli niliwalisha thaimoli lakini kidogo tu. Sasa asali yote imeharibika?*

Aliyokurudishia usiiuze tena kama asali, pole. Angalia hesabu yenyewe ilivyo. Ile shira tuliyopima hapo juu ina karibu miligramu 50 za thaimoli kwa kilo. Ulimi wa mtu unaanza kuisikia kwenye asali ikifika kama miligramu 1.1 kwa kilo, na Uswisi waliwahi kuweka kikomo cha 0.8. Sasa hata kama nyingi inapotea hewani, shira kidogo tu ikihamishiwa kwenye masega ya kuvuna, mteja ataijua. Nta nayo inashika harufu hiyo na kuiachia taratibu.

Kwahiyo kulisha na kuvuna visikutane. Lisha wakati wa njaa tu, Januari mpaka Machi mvua inapobana, na sanduku la asali la juu liwe limetolewa. Maua yakianza kufunguka na ukiona nyuki wanarudi na chavua miguuni, acha kulisha, wala usimalizie iliyobaki kwenye dumu kwa kuionea huruma. Masega yaliyojazwa shira yaache chini kwenye majana, nyuki wayale wenyewe.

Na hata shira isiyo na thaimoli ikiingia kwenye asali, ujue maabara wanaikamata. Sukari ya miwa ina alama yake kwenye kaboni inayotofautiana na ya maua mengi, wanunuzi wa nje wanapima hicho, na asali ya Tanzania inauzwa Ulaya. Pipa la kikundi likikataliwa kwa ajili ya dumu la mtu mmoja, kijijini hapakaliki.

*Nafuga kwa mizinga ya magogo Kilwa, imetundikwa juu. Hii shira naiwekaje huko? Na sukari guru au asali ya dukani inafaa badala ya sukari nyeupe, bei imepanda mno.*

Ya magogo kwa kawaida hailishwi, na kwa kweli sikushauri. Njia bora ni wakati wa kuvuna uwaachie masega kadhaa ya asali upande wa nyuma badala ya kukomba yote, asali yao wenyewe haichachuki na haina gharama. Sukari guru hapana, ina vitu vingi ambavyo tumbo la nyuki haliwezi, wanaharisha. Asali ya dukani hapana pia, hujui imetoka mzinga gani, inaweza kuwa na vimelea vya ugonjwa wa kuoza majana na hivyo havifi kwa kuchemsha kawaida.

Ila kama kundi limeingia juzi tu, mvua inanyesha na unaogopa litahama, teremsha gogo jioni uliweke kwenye kichanja kifupi, miguu yake ipake grisi kuzuia siafu, mimina kikombe cha shira ya leoleo isiyo na dawa kwenye kisahani chenye vijiti, kiingize kwa mlango wa nyuma na uzibe nyufa kwa udongo. Tone lolote lililomwagika nje lifute kwa kitambaa chenye maji, la sivyo asubuhi makundi mengine yatakuja kupora, na nyuki wanaoporana hawachagui wa kumchoma, kama kuna mbuzi amefungwa karibu mfungue mapema.

Wanaouliza kuhusu nyuki wadogo wasiouma, hao tutawajibu toleo lijalo, leo nafasi imekwisha.